Wimbo Uliokatwa Kwenye Kona ya Kanisa

Waliokuwa wakikimbia Jumapili asubuhi pale Nkwenda hawakuwa wanariadha. Isihaka wa duka la misumari alikuwa na kitambi. Rukaya wa vitenge alikuwa na magoti yanayolia. Laurensia, mke wa Pastory, alikuwa na presha, na daktari alimwambia aukimbize mwili kabla mwili haujamkimbia.

Pastory hakuwa na ugonjwa. Alikuwa na Laurensia tu. Mke akitoka alfajiri, mume abaki ndani afanye nini? Akamfuata. Hakukimbia. Alitembea nyuma ya wote na masweta yao begani, na wakimcheka alisema, "Nendeni. Barabara haina mlango."

Ndivyo alivyosema siku zote, maneno machache. Shule hakuiona. Ujana wake ulikwisha akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, kutoka kwenye vibanja vya migomba vya watu hadi sokoni, na mtu anayepandisha mlima na mzigo hujifunza kutunza pumzi. Alikutana na Laurensia kijijini Ihembe, kwenye vibarua vya kuchuma kahawa. Yeye ndiye aliyeongea, tangu siku ile, kwa niaba ya wote wawili.

Na ndiye aliyewaimbisha wakimbiaji.

"Umande wa nani?"

"Wa kwetu!"

"Nani kaukanyaga?"

"Ni sisi!"

Hilo neno kaukanyaga alilivuta mpaka likawa refu kama mteremko. Wenzake walidhani ni madaha. Pastory alijua kwamba pumzi imemwishia, anapumzika humo humo ndani ya neno.

Laurensia alifariki Kwaresima, mchana, kitandani kwake, baada ya kuomba maji.

Watoto wako mbali. Agnetha, mkubwa, yuko Mwanza, na wadogo zake wametawanyika. Wakakubaliana matanga yaondolewe Desemba, wote wakija Krismasi. Mpaka hapo nyumba ni ya msiba, na mbele ya nyumba ya msiba watu hawaimbi. Hakuna aliyewafundisha wakimbiaji jambo hilo. Wametoka kwenye nyumba za watu, walilijua. Kila Jumapili, wakifika kwenye kona ya kanisa, waliukata wimbo. Wanaume walivua kofia. Walipita mbele ya kibanja cha Pastory wakitembea, polepole, kama watu waliobeba mtoto aliyelala. Wimbo ulianza tena darajani, mbali, ukasikika mdogo kama nyuki.

Pastory aliwasikia akiwa amekaa mlangoni. Barabarani hakutoka tena. Mwanzoni aliwashukuru moyoni.

Kisha ikatokea asubuhi moja, anamenya ndizi zake peke yake, akataka kumsikia Laurensia akimwita kula. Ndani ya kichwa tu, kama alivyozoea. Alisikia mtu akimwita, lakini sauti ilikuwa ya Agnetha.

Aliweka kisu chini. Akajaribu tena. Uso ulikuja, maana picha ipo ukutani. Vitenge vyake vimo sandukuni, harufu yake bado imo. Sauti haina sanduku. Mahali pekee ilipokuwa imebaki ni ndani ya ule wimbo, pale kwenye neno lile. Na wimbo wenyewe unakatwa kwenye kona ya kanisa, tena unakatwa kwa mapenzi. Utamwendea nani umwambie akupunguzie heshima?

Jua la Julai lilimkuta akigeuza kahawa kwenye turubai, Isihaka alipoingia uani akiwa amevaa kanzu, anapepea uso kwa kofia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Keti."

"Siketi, nimetumwa. Kikundi kimesema, Isihaka nenda kamwangalie mwenzetu. Mtu akikosekana Jumapili mbili tunamfuata. Wewe tumekuogopa mpaka leo."

"Mnaogopa nini?"

"Tunaogopa kukusumbua. Lakini mzee, tangu uache kutubebea masweta, langu limeshaibwa. Namshuku Rukaya."

Pastory akacheka puani. Akamletea mramba, ile juisi ya ndizi kabla haijachachuka. Isihaka akainusa kwanza.

"Hii haijawa pombe?"

"Ya jana."

"Ya jana ya saa ngapi?"

"Kunywa wewe. Dhambi nitabeba mimi."

Isihaka akanywa, akajifuta ndevu. Wakakaa. Kuku akapanda kwenye kahawa, Pastory akamfukuza kwa reki. Isihaka akaeleza habari za kikundi: nani kapungua, nani kaongezeka, Rukaya sasa ndiye anayeimbisha. Pastory alisikiliza mpaka mwenzake akaishiwa maneno.

"Hapa kwangu," akasema, "msinyamaze."

"Unasemaje?"

"Mkipita. Imbeni."

Isihaka akaweka kikombe chini. "Mzee, matanga bado. Unataka Nkwenda yote iseme Waislamu wa madukani wamekwenda kuimba msibani? Nitamuuzia nani misumari?"

"Matanga ni ya kwangu."

"Si ya kwako peke yako. Ya watoto pia. Ya ukoo." Akainuka, sauti ikashuka. "Wao wakisema ndiyo, nitaimba mimi mwenyewe, na mimi sauti yangu unaijua. Bila wao, nisamehe, siwezi."

Alisema kweli, na Pastory hakumlaumu. Jioni ile ile akampigia Agnetha.

"Tata, baba yangu, si tulikubaliana Desemba?" Agnetha akasema. "Kila mtu ameshaomba likizo. Na baba mdogo Gosbert utamwambia nini? Atasema umechoka kumlilia mama."

"Desemba nitakuwa nimeshaisahau."

"Nini?"

"Sauti yake."

Pastory akadhani salio la simu limekwisha. Akaitazama, akairudisha sikioni.

"Tata," Agnetha akasema, na sasa alikuwa analia. "Na mimi. Nilikuwa nadhani ni mimi tu. Nikimkumbuka, anaongea kama mimi."

Wakakaa hivyo, baba na binti, kila mmoja na simu yake.

"Nitaongea na baba mdogo," Agnetha akasema mwishowe.

Gosbert alikuja Jumamosi na wembe mpya wa kuondolea matanga, amenuna. Ni mdogo wake Pastory, na tangu utoto alipenda mambo yafuate mstari.

"Waitu, kaka, nywele za mfiwa zinanyolewa mbele ya watu."

"Wewe si mtu?"

"Mmoja!"

"Wengine watakuja Desemba kunywa. Nyoa."

Gosbert akalowesha kichwa cha kaka yake, akanyoa, akinung'unika. Alipofika kisogoni manung'uniko yalikwisha. Akasema maneno machache ya kumuaga marehemu, kwa Kinyambo, kama baba yao alivyokuwa akisema, na akatamka kwamba nyumba imefunguliwa. Sherehe yenyewe itangoja watoto. Kisha akaenda dukani kwa Isihaka kumpa habari, maana habari kama hiyo haipelekwi kwa simu.

Jumapili, Pastory alikuwa barabarani mbele ya kibanja chake kabla ukungu haujainuka. Aliusikia wimbo ukitoka madukani, ukapanda, ukafika kwenye kona ya kanisa. Alishika mti wa uzio.

Haukukatika.

"Umande wa nani?"

"Wa kwetu!"

Rukaya ana sauti nzuri, nyembamba, safi. Alilifikia lile neno, akalipita. Kaukanyaga, basi, likaisha, watu wakajibu ni sisi. Wimbo wote ulipita mlangoni kwa Laurensia, na Laurensia hakuwamo.

Rukaya alimwona Pastory usoni. Akasimama, na waliokuwa nyuma yake wakamgonga.

"Mzee, nimekosea?"

"Hapana, binti yangu."

"Nimekosea. Pale mama alikuwa anavuta. Nimejaribu nyumbani, siwezi. Alikuwa anavuta vipi?"

Pastory akafungua mdomo. Katika maisha yake hakuwahi kuimbisha hata kuku. Kilichotoka kilikuwa kama mlango wa zizi, na Isihaka akainama kwa kicheko, akashika magoti.

"Mzee, huyo ni mama au ni ng'ombe?"

Wote wakacheka, na Pastory akacheka, na machozi yakamtoka humo humo.

"Hakuwa anapanda," mmoja akasema. "Alikuwa anashuka."

"Anashuka wapi! Alikuwa anapanda kwanza, halafu ndiyo anashuka."

"Na alikuwa anakohoa kidogo kabla."

"Hakohoi, anameza mate."

"Pumzi ilikuwa inamwishia," Pastory akasema. "Alikuwa anapumzika."

Rukaya akamtazama. Akarudi mbio mpaka kona ya kanisa, akageuka, akaja akikimbia kwa nguvu kuliko magoti yake yanavyoruhusu. Alipowafikia kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, na akaanza hivyo hivyo, bila kupumzika.

"Nani kaukanyaaa..."

Neno likaenda, likatetemeka, likapata mahali pa kukaa, likashuka taratibu. Hakuna aliyejibu. Walikuwa wanamtazama mzee.

Pastory alikuwa amefumba macho. "Karibu," akasema. "Imekaribia."

Akangoja kidogo.

"Rudia."