Kungu Si Ukungu

Mwanangu, kuna alasiri moja naiota hadi leo, ingawa sikuwepo pale: ziwa limetulia kabisa, na juu yake moshi mweusi unapanda taratibu, bila moto.

Nilikuwa kijana wa Kimatengo, mzaliwa wa Kitura, mtoto wa kahawa. Ziwa Nyasa nililijua kwa kulitazama tu kutoka mlimani. Ilikuwa miaka ile kampuni binafsi ziliporuhusiwa kuleta simu za setilaiti, na ile iliyoniajiri iliweka dishi la majaribio kwenye zahanati moja ya Ngumbo, kando ya ziwa. Mimi nilikabidhiwa rada ya mvua huku juu, Mbinga. Kazi yangu ilikuwa kuona mvua ilipo na kukadiria itafifisha mawimbi ya setilaiti kiasi gani, maana mvua nzito za kwetu huyameza. Nikiona hali mbaya, naahirisha simu. Kichwa kilinivimba, nisikufiche.

Siku hiyo bibi mmoja, mgonjwa sana, alibebwa hadi zahanati aongee na binti yake aliyekuwa Dar es Salaam. Hawakuwa wamesikiana miaka mingi. Kabla ya saa yao, kioo cha rada kikaonyesha doa kubwa juu ya ziwa, likielekea Ngumbo. Nikapiga hesabu, nikaona simu haitapita. Nikamwita muuguzi, Mama Fulgensia, kwa redio ya upepo, ambayo ilifika Mbinga tu.

"Shikamoo, mama. Mvua inakuja, tunaahirisha hadi kesho."

"Marahaba. Mvua gani, baba? Hiyo ni kungu!"

"Ndiyo, mama, ukungu. Nauona hapa."

"Kungu, nakwambia! Na bibi anasubiri."

Nikaaga, nikazima. Nilidhani Kiswahili chake kimepindishwa na Kinyasa. Kumbe watu wa ziwani huita kungu wale wadudu wadogo wanaoibuka majini kwa mamilioni na kupaa kama moshi, ambao wao huwakamata wakawala. Rada iliona kitu angani tu. Mvua niliiongeza mimi. Mawimbi yangepita katikati ya wadudu wale bila shida yoyote.

Kesho yake tuliunganisha simu. Binti akaita, "Mama!" Akaita tena. Aliyepokea ni Mama Fulgensia, akamweleza kwamba mama yake amefariki alfajiri. Kisha akaniita mimi redioni, wala hakufoka.

"Baba, ungeniuliza tu kungu ni nini."

Nililia, mwanangu. Niliona aibu hata kushuka kwenda mazishini.

Sikwambii uache mitambo. Mimi nimeitumikia hadi nikastaafu. Ila ukikadiria jambo la watu walio mbali nawe, muulize aliye pale. Neno lake likikupita, mwombe akueleze tena, hata mara tatu, na usijali kuonekana mjinga. Mungu akujalie subira ya kusikiliza, mwanangu, na akuepushe na radhi ambayo hakuna tena wa kumwomba.