Kokoro la Shangazi Lililozunguka Mchicha

Mimi sijui kwenda ugenini mikono mitupu. Nimezaliwa Mbuba, na kwetu ukienda kumsalimia mtu bila mzigo wanajiuliza kama umefukuzwa huko utokako. Kwa hiyo asubuhi niliyoondoka kwenda kwa shangazi yangu, anayeishi ziwani kule mbele ya Biharamulo, nilijitwisha maharage, mkungu wa ndizi na kuku wawili wenye kelele. Ndizi zikagoma kukaa kwenye kiroba. Nikaenda bustanini, nikang'oa wavu mkuukuu niliozungushia mchicha, nikafunga kila kitu humo, fundo juu ya fundo, nikajisifu.

Kasulo, nilikoolewa, wote tunafanya hivyo. Huku shambani wavu wa zamani ni wa kuzuia kuku, nani anawaza samaki? Ila mimi sina pa kujitetea, maana nauza samaki gulioni Benaco, na kokoro kama lile nalijua. Ni wavu wa matundu madogo, unakokotwa mpaka ufukweni na unazoa hata vifaranga vya samaki ambavyo havijakua. Ndiyo maana sangara wangu walikuwa wamekonda mpaka wateja wananiuliza kama nauza kuni. Nilikuwa nawajibu vibaya, kisha usiku roho inanisuta.

Mwaloni kwa shangazi, pale mitumbwi inaposhusha samaki, walikuwa wamekubaliana: ghuba ndogo isivuliwe ili samaki wazaliane, na makokoro yote yachomwe. Mwenyekiti wa kamati ya doria alikuwa shangazi mwenyewe. Nilijua hayo yote. Nilichokuwa sikijui ni kwamba uchomaji ulikuwa siku ileile.

Bodaboda alinishusha katikati ya watu. Makokoro yalikuwa yamerundikwa mchangani, dumu la mafuta ya taa pembeni, na shangazi amesimama mbele na kofia yake ya kamati. Nikapiga goti, shikamoo shangazi, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye mzigo wangu. Watu wote wakauangalia. Wale kuku wangu wasio na adabu wakazidisha kelele.

Mvuvi mmoja mrefu, ambaye kokoro lake lilikuwa juu kabisa ya rundo, akacheka kwa hasira. Akasema kumbe nyavu za wanyonge zinachomwa, za ndugu wa mwenyekiti zinaletwa na pikipiki. Wengine wakaanza kuchomoa nyavu zao kwenye rundo. Niliona wazi kwamba zikirudi nyumbani zile, kesho yake ghuba inakokotwa, na kamati imekufa. Nikataka ardhi inimeze. Nikaanza kueleza habari za mchicha, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo.

Shangazi hakunisikiliza. Alichuchumaa, akafungua mafundo yangu taratibu, akatoa ndizi, akatoa maharage, akanipa kuku niwashike. Halafu akakunjua pembe moja ya wavu. Palikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa buluu. Akakishika muda mrefu, mpaka mimi nikakumbuka nani alinipa ule wavu.

Akasimama, akavua kofia.

"Huu ni wangu," alisema. "Mliponichagua niliwaambia nimeuchoma. Sikuuchoma. Umenisomeshea watoto wanne, mkono ukakataa. Nikampa huyu akazungushie mboga. Kama hamnitaki tena, kofia hii hapa."

Hakuna aliyeipokea. Nililia pale pale, kuku mmoja kila kwapa, sikuona aibu tena. Nilikuwa nimekuja na zawadi, nikamvua nguo mama mtu mzima mbele ya kijiji chake.

Yule mrefu alitazama kile kiraka cha buluu, akatazama lake, ambalo nalo lilikuwa na viraka vyake. Akalirudisha juu ya rundo.

"Vaa kofia yako, mama," akasema. "Choma lako kwanza, nikuone."

Tulikula ndizi zile jioni, na shangazi alinichamba kwa raha zake, akisema kwa wakwe nilifundishwa kila kitu isipokuwa kununua kamba. Kuku aliwabakiza afuge. Mimi niliporudi Kasulo nilikuta kuku wa jirani wamemaliza mchicha wote mpaka vikonyo, na sikuwafokea, jambo ambalo si la kawaida yangu.

Bustani bado iko wazi. Nikiiangalia namwona shangazi akiuinua ule wavu kwa mikono miwili, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala, akaulaza juu ya zile nyingine, kisha akaomba kiberiti.