Mikono Haikuwashika

Usiku ule usingizi ulinichukua upesi, jambo linaloniudhi hadi leo, maana mtu aliyefanya niliyoyafanya hakustahili kulala vile.

Mimi ni daktari wa mifugo. Tulikuwa tukijaribu unga wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa: unaupachika kati ya pingili mbili za uti wa mgongo wa mbuzi, kisha unangoja miezi uone kama zitaungana ziwe mfupa mmoja. Ukifaulu, binadamu aliyevunjika mgongo hatachongwa tena nyonga yake ili apate kiraka cha mfupa. Mwalimu wangu, marehemu Dokta Mwanaidi, alitukaririsha kwamba mbuzi akishachinjwa, picha ya eksirei haitoshi. Unazishika pingili kwa mikono miwili, unazikunja. Zikicheza, hazijaunga. Mimi nilitazama picha, nikaona weupe, nikaandika "zimeunga". Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilishasifiwa mno kwa wepesi wa kazi. Jumatatu ripoti ingekwenda hospitali, ambako mwashi mmoja aliyeanguka toka ghorofani alikuwa akiungoja unga ule.

Basi nikamwona Dokta Mwanaidi. Alisimama kwenye chumba chetu cha upasuaji, mchana kweupe, aproni imelowa damu, patasi mkono huu, nyundo mkono ule. Nilifurahi kumwona. Nikasahau kabisa kwamba nilibeba jeneza lake.

"Lala kifudifudi," akasema.

Nikalala. Mbuzi wakaja kunikandamiza mabega kwa kwato zao, na migongo yao ilikuwa wazi kama tulivyoiacha. Patasi ikaingia. Nasikia mfupa wangu ukipasuka, nasikia vipande vikigonga sakafu, napiga kelele na kelele haitoki. Ananishindilia unga kwa kidole gumba.

"Uliwashika?"

"Nimeona picha, Dokta."

Nyundo ikatua mbavuni.

"Nimekuuliza, uliwashika?"

"Mmoja tu ndiye aliyenipita," nikasema. Hata ndotoni nilidanganya, tena mbele ya maiti. Akanipiga mdomoni, nikatema meno mawili.

"Unga wenyewe hung'aa pichani, mjinga wee. Hata ukiumwaga kaburini utang'aa!"

Ninapoinua uso, sakafu ni ya wodi. Mwashi yuko kitandani, kijana mwenye mikono mipana iliyokauka kwa saruji, ananitabasamia. Mke wake ameshika bakuli la uji.

"Mkunje," anasema Dokta Mwanaidi.

Nakataa. Nalia, naomba radhi, nashika miguu yake iliyojaa udongo wa kaburi. Mikono yangu inakwenda yenyewe. Mmoja unashika shingo ya yule kijana, mwingine magoti, na inakunja. Mgongo wake ukakatika kama muhogo mkavu. Damu ikaruka hadi kwenye uji. Anajaribu kuinuka na nusu yake ya chini haimfuati.

"Dokta," ananiambia kwa upole ulionitisha kuliko nyundo, "si uliandika zimeunga?"

Mke wake akanirukia kooni. Dokta Mwanaidi hakumzuia. Aliniinamia tu, pumzi yake baridi sikioni mwangu.

"Kawashike."

Nikaamka nimejiuma ulimi, shuka limenizonga shingoni. Kulishapambazuka, jirani alikuwa akifagia uwanja. Niliogopa kupoteza kazi, sikatai, na kwa muda niliikodolea simu nikitafuta uongo mzuri. Sikuupata. Nikampigia Profesa, mkuu wetu.

"Shikamoo Profesa. Naomba usiipeleke ripoti. Kuna mbuzi sikuwakunja migongo."

"Marahaba. Wangapi?"

Mdomo ulikuwa ukitaka kusema mmoja.

"Wote, Profesa. Wote sita."

Nikasikia kiti kikisukumwa.

"Mifupa ingali kwenye friji," akasema. "Njoo sasa hivi. Utaikunja mbele yangu."