Mpiga chapa wa Bukoba na mistari isiyoacha kurefuka

Saa mbili na nusu asubuhi, Bukoba mjini. Clotilda Kokushubila anakaa, anasimama, anakwenda dirishani kutazama gari, anarudi kukaa. Gari linaondoka saa sita kwenda Kagoma, wilayani Muleba. Umeme umeshakatika mara mbili, na kila ukirudi anaiwasha kompyuta upya na kuisubiri huku akigonga meza kwa vidole.

"Mashine hii ina kiburi," ananiambia bila kunitazama. "Inakata mstari inapotaka yenyewe."

Clotilda, 41, ni mpiga chapa wa shirika dogo linaloandikisha watoto waliofiwa na wazazi kwa ukimwi, ugonjwa ambao miaka kumi iliyopita watu wa hapa waliuita Juliana. Orodha yake ina watoto 412. Kila mtoto ana mstari wake: jina, baba, mama, mlezi, na mwisho kibanja alichoachiwa, yaani shamba la migomba na mibuni la ukoo.

Mlezi akifa, jina lake halifutwi. Linaongezwa la mwingine mbele yake. Ndiyo maana mistari inarefuka kila mwezi, na mingi haienei tena kwenye upana wa karatasi.

"Kwenye taipureta hilo halikuwa tatizo," anasema. "Kengele ilikuwa inalia mwisho wa mstari. Nashuka chini, napiga nafasi tano, kilichobaki kinakaa ndani, chini ya mstari wake. Ukitazama pembeni unaona majina ya watoto tu. Vidole vyangu vimefanya hivyo miaka ishirini."

Kompyuta ililetwa Januari mwaka huu wa 1993, na haina kengele. Kipande kinachobaki inakishusha mpaka pembeni kabisa, kikaonekana mstari mpya. Clotilda alijaribu kupiga zile nafasi tano kwa mkono. Wiki hiyohiyo wakafa walezi wawili, akaongeza majina, maneno yakasogea, nafasi zake zikajikuta katikati ya mistari kama mapengo ya meno. Akachoka. Akachapa hivyohivyo, akagonga mhuri.

Mwezi Machi karatasi ile ilisomwa hadharani Kagoma, ili kila mtu ajue kibanja kipi ni cha mtoto yupi. Mstari wa mtoto Mujuni, anayelelewa na bibi yake Kezia, ulikatika baada ya jina la bibi. Maneno "kibanja cha chini ya kisima" yakaangukia pembeni, juu kidogo ya jina la Protase, mtoto anayelelewa na baba yake mdogo, Clavery. Msomaji akayasoma pamoja na Protase. Bi Kezia siku hiyo alikuwa kitandani na homa.

Kesho yake asubuhi Clavery alikuwa ameshakizungushia kibanja emilamula, mimea inayopandwa kuonyesha mipaka. Wazee wakasema karatasi yenye mhuri imesomwa mbele za watu, na haiwezi kutenguliwa ila na karatasi nyingine itakayosomwa palepale. Tangu hapo ni miezi miwili, Bi Kezia na mjukuu wake hawaruhusiwi kukata hata mkungu mmoja. Wanakula kwa majirani.

"Silali vizuri," anasema Clotilda. "Mtoto ana njaa kwa uvivu wangu."

Wanaomfahamu hawamjui kwa uvivu. Mwaka 1978, mabomu yalipoanza kuanguka Bukoba, alikimbilia Muleba kwa miguu na taipureta ya ofisi kichwani. Huko alipiga chapa majina ya waliokimbia vita, akikaa juu ya gunia la kahawa. Mumewe alirudi salama kutoka vitani, akafa mwaka 1990 kwa ugonjwa huuhuu wa Juliana.

Wiki iliyopita alikaa na kitabu cha maelekezo cha kompyuta, cha Kiingereza, na kamusi pembeni. Akaipata amri aliyoitafuta: mstari wa kwanza unaanzia pembeni, mikunjo yake yote, yaani vipande vinavyoshuka chini yake, inaingia ndani, na ukiongeza jina mashine inajipanga yenyewe. Tangu Jumatatu anafuta nafasi za zamani na kuiweka amri hiyo, mtoto mmoja mmoja.

Saa tano umeme unakatika tena. Clotilda anafunga macho. Unarudi baada ya dakika ishirini; amepoteza watoto tisa, anawaanza upya. Honi inalia nje.

"Mama, Kagoma siyo hapo sokoni!" anapaza sauti Magesa, dereva.

"Nitakuja na karatasi au sitakuja kabisa!"

Printa inaanza kukwaruza. Tunaondoka saa saba kasoro, Clotilda amepakata kurasa 23 mapajani na hataki mtu azishike.

Kagoma watu wamekwisha kusanyika. Lwakatare, mwenyekiti wa kijiji, anashusha kidole pembeni mwa karatasi, jina baada ya jina. Akifika kwa Mujuni anasoma mstari wote, na mikunjo yake miwili, mpaka kibanja cha chini ya kisima. Anatua. Kisha ndipo anamsoma Protase.

"Waitu, ndugu zangu, mimi sikuiba," anasema Clavery. "Karatasi ndiyo ilisema."

Simwonei huruma. Amezaliwa hatua mia moja kutoka kisima kile na alijua kibanja ni cha nani. Wazee wanamwamuru akang'oe emilamula yake mwenyewe, leo hii, na anakwenda.

Bi Kezia hashangilii. Anamshika Clotilda mkono.

"Mwanangu, baada ya jina langu pana nafasi?"

"Ipo, Ma. Sasa hata tukiongeza, mstari hauharibiki."

"Basi andika lako."

"Mimi si wa ukoo wenu, Ma."

"Wa ukoo wamekwisha. Amebaki yule aliyekwenda kung'oa."

Garini, tukirudi, Clotilda aliyapanga na kuyapangua makaratasi ambayo yalikuwa yamepangika tayari, mpaka tukaliona ziwa. Nikamwuliza ana mpango gani.

"Jumatatu naliandika jina langu," alisema. "Namwomba Mungu lisiongezwe jingine mbele yake mpaka Mujuni awe mtu mzima."