Dozi Niliyoihifadhi

Siku yangu ya kwanza kazini, Titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo chetu hapa Kindu, hakunipa sindano. Alinipa kipimajoto na utambi. "Zaina, mutoto wako wa kwanza njo hii friji. Ikipata moto, tutachoma watu maji tu." Friji ilikuwa ya mafuta ya taa. Nilinuna, maana wenzangu walikuwa wamepewa makoti meupe.

Kalenda niliishika upesi. Mtoto akizaliwa, BCG ya kuzuia kifua kikuu na matone ya polio. Kisha wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne. Na surua akitimiza miezi tisa. Mama asiyejua tarehe nilimuuliza kama alijifungua mpunga ukipandwa au ukivunwa, nikahesabu kwa vidole.

Vita vilipofika, treni iliyotuletea chanjo ikakoma. Chanjo zikawa zinakuja kwa ndege, kidogo kidogo. Daktari mkuu wa zone ya afya akatukusanya: "Flakoni moja, hii chupa ndogo ya surua, iko na dozi kumi. Ukiifungua, masaa sita tu, unatupa. Kama watoto hawafike tano, usifungue." Simlaumu. Flakoni zilikuwa chache kweli.

Asubuhi moja risasi zilisikika, akina mama wakajifungia. Alikuja mmoja tu, kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, na mwanawe Amisi wa miezi tisa.

"Mama, urudie juma yenye inakuja, watoto wakikuwa wengi."

"Munganga, nimevuka na pirogi, roho mukononi. Huyu njo mutoto vita iliniachia."

"Ni sheria ya daktari, mama."

Nikamwandikia tarehe mpya kwenye fishi, kadi ya chanjo ya mtoto. Nilikuwa nikijivunia mwandiko wangu, mjinga mimi.

Juma lile wanajeshi walizuia pirogi zote, na surua ikaingia Alunguli. Mto ulipofunguliwa, yule mama alirudi akiwa na fishi tu. Akaiweka mezani. "Tarehe ilipita, munganga." Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tangu hapo nilifungua flakoni hata kwa mtoto mmoja, kisha nikazunguka mitaani kutafuta wengine kabla ya yale masaa sita kwisha. Daktari aliposikia, aliniita.

"Umefungua kwa mutoto moja?"

"Ndiyo, Docteur."

"Na dozi zingine?"

"Nimepata watoto watatu. Zingine nimetupa."

Alinitazama, akasaini ripoti ya upotevu wa dozi. Mwezi uliofuata akaiondoa sheria ile.

Sasa nimestaafu. Kalenda ya wajukuu zangu ni ndefu kuliko yetu, hata surua inarudiwa. Wauguzi vijana huja kuniuliza mambo, na wengi bado wanaiogopa ripoti ya upotevu. Nawaambia ukweli: dozi nilizotupa maishani sikumbuki hata moja. Ninayoikumbuka ni ile iliyobaki salama ndani ya friji, Amisi akirudishwa kwao.