Safu ya Sababu

Kompyuta ilipozimika mara ya tisa, Tijana alikuwa jikoni akikoroga kahawa. Mama yake, Verica, alikuwa sebuleni, kiti kando ya dirisha, soksi mkononi. Alikiona kioo cha kompyuta kikigeuka buluu, maandishi meupe yakatokea, kisha giza. Akatazama saa ya ukutani, akatoa daftari chini ya mto na kuandika: Jumatano, saa tano na dakika kumi na mbili. Tijana ameinuka kwenda jikoni.

"Imezima tena?" sauti ikatoka jikoni, kavu kama mkate wa juzi.

"Imezima, mwanangu."

Kitu cha chuma kikapigwa juu ya jiko. Verica akashtuka kana kwamba kimepigwa mgongoni mwake.

Miaka kumi na tisa alisimama mbele ya mitambo ya kufuma vitambaa hapo mjini Leskovac, mpaka kiwanda kikafungwa na mitambo ikauzwa kama vyuma chakavu. Shule yake iliishia darasa la nane. Lakini kiwandani walimfundisha jambo moja ambalo halikumtoka: mtambo ukisimama, usiupige teke wala usiulaani. Andika. Umesimama saa ngapi, nani alikuwa karibu, nini kilikuwa kinafanyika. Safu ya nne ilikuwa ya sababu. Hiyo iliachwa tupu mpaka sababu ijulikane, na aliyesababisha alitia sahihi yake hapo, hata angekuwa nani. Kwa hiyo kompyuta ilipoanza vituko vyake, Verica hakujua la kufanya ila kununua daftari.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na nyingine. Tijana alimweleza mara moja, kwa haraka, huku anakula.

"Ni programu tu, mama. Inaigiza kompyuta nzima ndani ya hii. Naiwasha, naizima, naiharibu nikitaka, na hii ya nje haidhuriki."

"Yaani hii ina mimba."

"Haya, ina mimba."

"Na mtoto akipiga teke, mama anazimia."

Tijana alicheka siku hiyo. Siku hizi hachekeshwi na kitu. Kampuni moja ya Ljubljana, nchi nyingine, ilitaka mtu wa kujaribu programu zao kwenye kompyuta za namna hiyo, na kati ya waombaji wote alibaki yeye na mwingine mmoja. Mara mbili alijitokeza mbele ya wakubwa watatu kwenye kioo, na mara zote mbili, alipoacha kubofya ili asikilize maswali yao, kompyuta ilizima. Wakampa nafasi ya mwisho, Alhamisi saa nane mchana. Akifaulu, angehamia Ljubljana kabla ya theluji. Asipofaulu, angebaki kusimama dukani kwa shangazi yake Nada, akipima unga.

Verica alimwombea binti yake afaulu. Alimwomba Mungu hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi neno lile lilimkwama kooni. Mwanawe mkubwa alikwenda Austria kwa mwaka mmoja tu, na huu sasa ulikuwa wa sita. Mumewe alikuwa makaburini. Nyumba ilikuwa imebakiwa na wanawake wawili na pilipili hoho za kuchoma uani.

Wiki ya kwanza alidhani kosa ni la kitambaa chake cha kroshia alichotandika juu ya kompyuta, kama alivyotandika juu ya televisheni, redio na friji. Alikiondoa kimyakimya. Ikazima vilevile. Kisha Tijana akasema labda ni joto, akafungua dirisha na mlango pamoja.

"Funga! Upepo wa kupita utakupinda shingo!"

"Mama, hakuna mtu duniani aliyekufa kwa upepo wa kupita."

"Mwulize Milunka wa ghorofa ya pili."

"Milunka yuko hai!"

"Yuko hai, lakini mdomo umekwenda upande."

Wakavaa sweta wote wawili, upepo ukapita, na kompyuta ikazima.

Jumatano ile ile, saa sita mchana, Verica alikaa uani kando ya moto, akigeuza pilipili kwa mkono mmoja, akisoma daftari lililokuwa juu ya goti. Tijana ameinuka kunywa maji. Tijana ameinuka kumfungulia tarishi. Tijana ameinuka kwenda msalani. Hata mara moja haikuzima mikono ya Tijana ikiwa juu yake. Hilo Tijana mwenyewe alilijua. Alidhani kompyuta ya ndani ikiachwa inasinzia, akaikataza kusinzia, haikusaidia. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuliona, kwa kuwa kila mara alikuwa na kikombe jikoni. Verica alikuwa ameliandika mara sita bila kulifikiria: pembeni chini, ngao ndogo ya kijani inazunguka. Kisha buluu.

Ngao ile aliijua. Mwezi wa nane Tijana alipokwenda harusini mjini Niš, yeye Verica alimwita Žarko, fundi wa redio wa jirani, kwa sababu televisheni ilisema wezi huingia kwenye akaunti za watu kupitia kompyuta. Žarko aliweka programu ya ulinzi. "Haitamsumbua," alisema. "Inangoja mtu aondoe mkono, dakika tano, ndipo inaamka kukagua." Verica akampa kahawa na chupa ya rakija, pombe kali ya matunda, akamwambia asimtajie binti, maana Tijana hapendi kompyuta yake iguswe.

Pilipili moja ikapasuka na kutoa maji motoni. Verica akainuka aende akaseme. Kufika mlangoni akaliona sanduku la safari juu ya kabati, limepanguswa vumbi. Akarudi kwenye moto.

Jioni alimsikia Tijana akilia msalani, bomba la maji limefunguliwa ili asisikike. Hakwenda.

Alhamisi Tijana alianza mapema. Aliipunguzia kompyuta ya ndani kumbukumbu mpaka nusu. Akaing'oa programu inayoibeba, akaweka toleo la zamani. Saa saba kasoro dakika tano alikwenda kupiga pasi blauzi. Aliporudi, kioo kilikuwa buluu.

Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni na blauzi mapajani.

"Shangazi Nada alisema kweli. Mkono wangu ni wa kupima unga."

"Usiseme hivyo."

"Niseme nini? Siku ishirini natafuta. Mtu mwenye akili angeshaona. Siyo kompyuta, mama. Ni mimi."

Verica alilitoa daftari chini ya mto. Angeweza kuvumilia mengine yote, hata sanduku. Hili hapana. Alimwekea daftari miguuni, wazi.

"Soma safu ya tatu."

Tijana akasoma. Kidole chake kilishuka polepole, kikasimama.

"Ngao gani?"

"Ya Žarko. Nilimwita mimi. Ukiondoa mkono dakika tano, inaamka."

Tijana alikuwa ameshafika kwenye kiti. Aliwasha, akabofya, akasoma, midomo ikitikisika. "Yesu wangu. Na yenyewe inajifungia kwenye kompyuta pepe yake, ya kuigiza kama yangu, ili ikague. Zote mbili zinagombea sehemu moja ya ubongo wa hii mashine. Moja ikiishika, nyingine inaivuta..." Akageuka na kiti. "Umejua tangu lini?"

"Jana. Saa sita."

"Jana nililia msalani. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Tijana aligeuza kiti tena. Kisha akarudi kwenye kioo. Kuiondoa ngao kulichukua dakika kumi na nane, mstari mwembamba ukitambaa kama mzee anapanda ngazi. Kuwasha upya, kuiamsha ya ndani, tayari saa nane kasorobo.

"Sasa hakuna kugusa," Tijana alisema. "Tutoke."

Walisimama ukumbini, mlango wazi, kila mmoja na ukuta wake. Dakika ya tatu. Ya nne. Pilipili ziliungua uani na hakuna aliyekwenda. Ya tano ilipofika Verica alishika pindo la aproni kwa mikono miwili. Ya sita. Ya saba. Kioo kilibaki kama kilivyokuwa, na pembeni chini hapakuwa na kitu.

Tijana akavaa blauzi, akapita bila kumgusa, akafunga mlango.

Verica alikaa ukumbini juu ya kiti cha kuvulia viatu, daftari na penseli mkononi. Alizisikia sauti, za wageni na ya binti yake, hakuelewa maneno. Kila palipotokea kimya alijua wanauliza na Tijana ameacha kubofya. Kisha Tijana aliendelea. Kimya tena, kirefu. Akaendelea.

Saa tisa na dakika kumi mlango ukafunguka.

"Naanza tarehe moja," Tijana alisema. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti haikuwa na furaha wala hasira. Akamnyang'anya penseli na daftari. Kwenye safu ya nne, iliyokuwa tupu kuanzia juu hadi chini, akaandika kwa herufi kubwa na kumrudishia vyote viwili.

Verica alikuwa ameacha miwani sebuleni, akalisogeza daftari mbali na macho. Sababu: ngao. Chini yake: na mama, siku moja.

"Siyo siku moja," Verica alisema. "Tangu jana saa sita hadi leo saa saba. Ni saa ishirini na tano."

"Basi rekebisha."

Verica akafuta, akarekebisha. Kisha akalilaza daftari juu ya goti, akatia sahihi yake yote, jina na ukoo, kama kiwandani.