Mukaba wa Akiba

Nyumba yangu iko kando ya muto, pale ambapo magari yanayotoka Kasongo kwenda Kabambare yanaingia majini. Zamani kulikuwa na daraja. Lilipobomoka wakaja watu wa kupima, wakapima, wakaenda zao. Pikipiki zinapita juu kidogo, kwenye magogo yaliyolazwa na vijana, na ni chache zinazosimama. Kamio, yale magari makubwa ya mizigo, zinapita ndani ya maji, na kamio zenyewe siku hizi ni za kuhesabu.

Mimi ni mutu wa Kasongo muji. Nilizaliwa nyuma ya musikiti, katika nyumba ya watu wengi, ambapo kula peke yako kulikuwa aibu. Mume wangu ndiye aliyenileta huku, kwenye mashamba yake ya mupunga, na huku ndiko nilikomuzika. Watoto wamefuata dhahabu Salamabila. Wananipigia simu siku mutandao ukitaka, wananiuliza nimekula nini, nami nawaambia nimekula vizuri. Majirani ninao wachache, watu wazuri, lakini wakinisalimia asubuhi wamemaliza. Sina haja ya kuficha: nilikuwa mupweke mpaka nikaanza kugombana na kuku.

Ndiyo maana nilianza kupika wali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, wa kuuzia wasafiri. Mutu akila kwako lazima aseme neno, hata kama ni la kulalamika kuhusu chumvi.

Kati ya wasafiri hao alikuwa shofere mumoja wa kamio, mutu wa makamo, Mukristo kutoka vijiji vya upande wa Kasongo, mwenye maneno machache na mikono myeusi kwa mafuta. Kamio yake ilikuwa ya dizeli, imezeeka, na mbele ya injini ilikuwa na vantilatere kubwa ya chuma, ile yenye mabawa inayovuta upepo kwenye radiatere ili maji ya injini yapoe. Injini yenyewe ndiyo iliyoizungusha, kwa mukaba, yaani mukanda wa mupira. Injini ikizunguka nayo inazunguka, haiulizi. Sasa ukiingia nayo mutoni, mabawa yanachota maji na kuyamwagia injini yote, gari inazimika katikati. Au bawa linapindwa na maji, linatoboa radiatere. Kwa hiyo kila shofere mwenye akili alisimama ukingoni, akatoa mukaba, vantilatere ikalala, akavuka, kisha akaurudisha ng'ambo.

Lakini mukaba hautolewi injini ikiwa na moto. Utaungua vidole, tena chuma cha moto kikiingia ghafula kwenye maji baridi kinapasuka. Lazima ingojewe ipoe, na pahali pa kungojea palikuwa kwangu. Akienda Kabambare alisimama kuutoa. Akirudi alisimama kuurudisha, na hapo pia alikaa, eti breki zimelowa.

Nilimujua kwa sauti. Ile vantilatere ilinguruma hata kamio ikiwa bado nyuma ya kilima, nami nikaweka chai motoni. Anashuka, anafungua kifuniko cha injini, anakuja na kle yake ya kufungulia boliti, anakaa. Wasafiri wake wanatawanyika, huyu anaoga, yule analala. Sisi tunaongea. Maneno gani? Maneno ya hivi hivi tu. Ananiambia musikiti umepakwa rangi, na rangi yenyewe hata kuisikia sikuipenda. Ananiambia njia ya kwetu imeliwa na mvua, mama fulani amefariki, baba fulani ameoa tena, na umri ule. Mimi namugombeza kwa sababu ya shati lake lisilo na vifungo. Alikuwa ananiletea Kasongo mudomoni, kidogo kidogo, mpaka injini ipoe. Sikuwahi kuomba ipoe haraka.

Mukaba wa akiba aliuacha kwangu kwa sababu ya mbuzi. Alikuwa anautundika nyuma ya kiti, kwenye kabine. Siku moja musafiri akauchukua bila kuuliza, akamufungia mbuzi wake juu ya mizigo, na mbuzi akautafuna njia nzima. Shofere alifika kwangu na kipande kilichobaki, amekasirika, nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Safari iliyofuata akaja na mupya. Akapigilia musumari kwenye ukuta wangu, karibu na mulango, akautundika.

"Hapa hakuna mbuzi," akasema.

Nikamwambia yuko mumoja, ameketi hapo anakunywa chai yangu. Alicheka, na kwa yeye kucheka ilikuwa kazi kubwa.

Halafu tajiri wa kamio, mufanyabiashara wa Kasongo, akasikia kwamba vantilatere kubwa inakula nguvu ya injini na mazuti, ile dizeli. Akaamua itolewe, ziwekwe za umeme. Fundi akazitoa mbili kwenye magari madogo yaliyokufa, akazifunga kwenye radiatere kwa vyuma, akavuta nyaya mpaka kwenye batri, na buto ya kuziwasha akaiweka kabine.

Shofere alinionyesha mwenyewe. Siku ile sikusikia kitu mpaka kamio imefika, maana mungurumo haukuwapo tena, na chai ilikuwa bado. Akafungua kifuniko, akaniita. Pale palipokuwa na chuma kile kikubwa pamebaki wazi, mutu angeweza kuingiza kichwa. Kwenye radiatere zimebandikwa hizo mbili za plastiki, kila moja kama ungo mudogo wa kupepetea muchele. Akapanda, akabonyeza buto, zikavuma. Akabonyeza tena, zikalala.

"Umeona, mama? Nikifika majini nabonyeza tu."

Akanieleza kwamba mukaba unabaki kazini, unazungusha pompe ya maji na dinamo, ila mbele yake hakuna tena kitu cha kuchota maji. Na kuhusu moto wa injini, ataiacha kamio iteremke kilima polepole, itafika imepoa yenyewe. Hakuna kungoja. Alisema hivyo mara mbili, hakuna kungoja, kama mutu aliyepona ugonjwa.

Nikamwambia hongera. Chai yake siku ile niliimimina bila sukari, naye akainywa yote bila kuuliza. Akaangalia kamio, akaangalia mikono yake ambayo haikuwa na kazi, akasimama. Akabonyeza, akavuka.

Safari iliyofuata hakusimama. Alipiga honi, akainua mukono dirishani, akaingia majini. Nami niliinua mwiko, nikabaki nimeushika juu kama mujinga mpaka kamio ikapotea ng'ambo. Na siku nyingine honi. Na siku nyingine tena. Honi ni kitu cha kumwambia kuku aondoke njiani, si salamu ya mutu uliyekula kwake.

Niliumia. Nilijiambia mimi ni mutu muzima, nimezika mume, nitashindwaje na shofere wa watu? Lakini kila nilipopika nilipika zaidi, na kile kilichozidi nilikula kesho yake, kimepoa, nikitazama ukuta. Kasongo ikanyamaza. Sikujua tena nani amekufa na nani ameoa. Wasafiri wa pikipiki wachache waliosimama walikula haraka, macho kwenye simu. Kitu kimoja tu kilinishikilia: mukaba ulikuwa bado kwenye musumari. Niliupangusa vumbi. Mutu akiwa na kitu chake kwako, nilijiambia, siku moja atakuja kukichukua. Na zile vantilatere mbili niliziombea ziungue. Musikiti uko mbali, lakini Mungu iko karibu, na nilimuomba bila haya.

Mvua zilikuwa zimeanza alipokuja motari mumoja, kijana wa pikipiki ya kukodi, kutoka upande wa Lusangi, amelowa, hakuzima hata pikipiki. Akasema kamio imekufa kwenye kilima cha ng'ambo, mukaba umekatika, shofere anaomba ule wa akiba. Ule wa kwenye musumari. Nimupe haraka, ana musafiri anayemungoja.

Nilisimama mulangoni. Kwa hiyo hata kuja kuuchukua, ametuma mutu. Nikauona ule ukuta utakavyokuwa, musumari mutupu, na hakuna kitu chake hata kimoja katika nyumba yangu. Ningesema umeibwa, umeliwa na panya, nani angejua? Lakini mutu alikuwa kwenye kilima, mvua inakuja, na hasira yangu haijafika huko. Nikautoa. Motari akanyosha mukono. Nikamwambia aushushe, mukaba huu naupeleka mimi. Akalalamika. Nikamwambia kama ana haraka aache kulalamika. Nikafunga wali na sombe kwenye bakuli, nikavaa mukaba begani kama mufuko, nikapanda.

Nilimukuta ameketi juu ya jiwe, mbele ya kamio, peke yake. Wasafiri walikuwa wameondoka kwa miguu. Kifuniko kimefunguliwa, vantilatere mbili zimelala kimya. Akanieleza bila kuniangalia kwamba zile zinakula umeme sana, dinamo inalemewa, mukaba unateleza, unapata moto, unakatika. Basi dua yangu ilikuwa imejibiwa karibu yote, na sikupata utamu wowote. Midomo yake ilikuwa imekauka. Hata shati lilikuwa lile lile.

Akafunga mukaba, akaukaza, akanawa, akaja kula. Sanduku la chuma lilikuwa wazi pale kabine, jipya, na kufuli yake. Akasema tajiri ameliweka kwa ajili ya vyombo, hakuna tena kuibiwa. Nikasema vizuri. Motari alikuwa anapiga honi, nami nikaona kwamba nisiposema sasa nitarudi nalo neno hili nyumbani, nikae nalo kama wali uliopoa.

"Mbona hausimame tena kwangu?" nikamuuliza.

Aliacha kutafuna. Akaangalia injini.

"Nitasimama kufanya nini, mama?"

Aliuliza kwa upole, hiyo naikubali. Lakini kwangu lilikuwa kofi. Nikachukua bakuli langu, wali bado umo ndani, nikapanda pikipiki. Nilimuacha na kijiko mukononi. Njia nzima motari aliimba, nami nililia nyuma ya mugongo wake, na upepo ukanisaidia kukausha.

Nyumbani nilijaribu kung'oa ule musumari kwa jembe. Ulipinda tu, haukutoka. Nikauacha. Nikapunguza kupika, nikapika cha mutu mumoja, na sufuria kubwa nikaigeuza chini uani, kuku wakalala juu yake. Kamio ilirudi ikielekea Kasongo, honi, mukono dirishani. Sikuinua kitu. Watoto walipopiga simu nikawaambia nimekula vizuri.

Siku aliyokuja shofere nilikuwa napepeta muchele, nimeipa njia mugongo kwa makusudi. Nikasikia kamio inateremka. Nikangoja honi. Badala yake injini ikazimika, nikasema moyoni haya, imekufa tena, na mukaba wangu sina. Nikasikia mulango wa kabine. Sikugeuka mpaka viatu vikasimama karibu na ungo.

Mikono yake ilikuwa safi. Hakuwa na kle. Shati lilikuwa na vifungo vyote, kimoja cha rangi nyingine, na mukononi alishika mukaba mupya, bado katika karatasi yake.

"Mama, nimeleta wa akiba," akasema. "Uniwekee."

Nikamwambia kabine yake iko na sanduku la chuma, na sanduku iko na kufuli, nimeliona kwa macho yangu. Akajikuna shingo. Akaangalia muto, akaangalia musumari wangu uliopinda.

"Mbuzi iko mingi ku njia, mama."

Nikainua macho juu ya kamio. Kulikuwa na magunia ya chumvi mpaka juu, yamefunikwa vizuri na bashi la turubai, kamba zimekazwa pande zote. Mbuzi hata mumoja hakuwapo. Nikaupokea ule mukaba, nikamwambia akae, nikaenda kuwafukuza kuku juu ya sufuria kubwa.